Noti Safi

Jumanne uliiinua dola yangu ishirini juani,
ukaigeuza, ukaikuna kwa ukucha wa gumba,
ukasema ina mpasuko.
Mpasuko gani, ndugu Mugisho?
Kama unywele. Na nywele mimi nazijua.
Nikavuka barabara hadi kwa mbadilishaji
mwenye kimeza chini ya mwavuli wa kampuni ya simu,
akanikata feranga elfu tatu
kunipa mzungu yule yule,
ila huyu alikuwa amepigwa pasi.
Nikarudi. Ukatabasamu. Ukagonga muhuri:
Goma–Bukavu, Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi,
kiti cha kumi na nne, upande wa dirisha.

Alhamisi nimefika na vumbi jeusi la lava viatuni,
mkoba wa rasta begani, pakiti kumi na mbili,
na zile nyekundu kidogo alizozitaka Nsimire,
bibi arusi wa Jumamosi, kule Kadutu.
Lango la bandari lina mnyororo.
Askari anasema: imefungwa.
Mpaka lini?
Analitazama ziwa
kana kwamba ziwa ndilo lililotia saini.
Boti iko palepale, nyeupe, imeoshwa.
Maji hayana hata mkunjo.

Sikuja kugombana na aliyefunga bandari.
Huyo sijui mlango wake.
Wewe una dirisha.

Unanionyesha mgongo wa tiketi,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Ulidhani sitaziona?
Mwaka wa kumi na tisa huu natafuta vitu vidogo
kwenye vichwa vya watu wa Birere.
Nimesoma: pesa hairudishwi msafiri akichelewa.
Haya, nani kachelewa?
Nimefika kabla ya mfagiaji wako.
Msafiri yupo, na miguu yake yote miwili.
Aliyekosa safari ni boti.

Unanisukumia karatasi ya kijani:
safari nyingine, itumike ndani ya siku saba.
Siku saba za nani? Mnyororo unajua kuhesabu?
Kumbe nilikukopesha bila kujua,
na sasa unanipangia tarehe ya kukusamehe.

Kwangu umeme ukikatika
mteja akiwa na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama,
simwambii asome mgongo wa kitana.
Namrudishia chake,
au nasuka kwa mshumaa hadi vidole viote sugu.

Nyuma yangu mzee Kasereka wa vitunguu ananong'ona:
mama, acha, hawa hawarudishagi.
Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni:
mwache aseme, hata yangu imo humo.
Mstari mzima unasogea,
bila kelele,
kwa kupumua tu.

Nsimire amepiga simu. Ameshapata mtu mwingine.
Sauti yake ilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo iliyoniuma.
Jumamosi yake sikudai.
Hakuna sanduku lako linaloweza kuirudisha,
wala picha ambazo nitaziona siku moja
nikihesabu mistari ya mkono wa mgeni.
Ninachodai ni kile kilichoingia kwenye droo,
kile ulichokipima juani
kama daktari anayepima mapafu.

Saa tano kasoro ukafungua droo.
Ukaweka kumi. Ukasita.
Ukaweka tano. Ukasita zaidi.
Mtoto mgongoni akapiga chafya,
watu wakacheka, nawe ukaweka tano ya mwisho
haraka, uso chini,
kona yake imeliwa.

Sikuitia mfukoni.
Niliiinua juani, polepole,
nikaigeuza,
na wale wa nyuma waione.